Baiti Iliyolipiwa Haipotezwi: Acheni Kudharau Miundo ya Data

Haya wandugu, leo siandiki habari za simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na waandishi wenzangu wa programu hapa Nairobi, wale wanaosema kwa kujiamini kabisa kwamba miundo ya data ni kitu cha mtihani: unakikariri usiku mmoja, unakimwaga kwenye karatasi, asubuhi umeshakisahau. Eti siku hizi kumbukumbu ya kompyuta ni bei rahisi, mashine zina kasi, fremuweki ni tele, kwa hiyo nani ana haja ya kujua safu inatofautiana vipi na orodha-mnyororo?

Mimi nasema hivi: katika programu ya kushiriki faili kwenye mtandao, muundo wa data ndio unaoamua nani atalipa. Ukiuchagua vizuri, unalipa wewe mwandishi, kwa siku mbili tatu za kuumiza kichwa. Ukiuchagua vibaya, analipa mtu wa Kangemi aliyenunua bando kwa pesa yake, na analipa mara mbili kwa baiti ileile. Hilo ndilo jambo langu lote. Yanayofuata ni ushahidi.

Kwanza tuelewane

Nitatumia BitTorrent kama mfano kwa sababu itifaki yake iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma, na mwanafunzi yeyote mwenye gcc anaweza kujaribu kuandika programu yake mwenyewe kwa lugha ya C. Bram Cohen aliitoa mwaka 2001. Wazo lake ni rahisi: badala ya watu wote kuvuta faili kutoka seva moja, faili hukatwa vipande vya ukubwa sawa, na wanaoipakua wanapeana vipande wao kwa wao. Hao wanaopeana nitawaita wenza. Kila kipande kina hashi yake ya SHA-1 yenye baiti 20, yaani alama ya kidole ya kuthibitisha kwamba ulichopokea ndicho. Kipande nacho huombwa kidogo kidogo, kwa bloki za KiB 16.

Tuchukue faili ya GiB 4 kamili, tuseme picha ya diski ya Linux. Ukiikata kwa vipande vya KiB 256 unapata vipande 16,384. Hashi zake zote ni baiti 327,680. Kila kipande kina bloki 16, kwa hiyo bloki zote ni 262,144. Shika hizo namba, tutazirudia.

Na kabla mtu hajanirukia: kushiriki faili si wizi. Debian na Ubuntu wenyewe hutoa faili rasmi za torrent kwenye tovuti zao. Anayenakili muvi za watu na kuziuza ana kesi na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na hiyo kesi ajitetee mwenyewe. Mimi nazungumzia uhandisi.

Kosa la kwanza: mnyororo kila mahali

Ukimpa kijana aliyetoka chuo kazi ya kuandika programu hii, jambo la kwanza analofanya ni kutengeneza orodha-mnyororo. Bloki? Mnyororo. Vipande? Mnyororo. Wenza? Mnyororo. Kwa nini? Kwa sababu ndio muundo uliotumika kumfundisha pointa, na akadhani basi ndio muundo wa kazi zote. Ni kama fundi aliyenunua nyundo Gikomba, sasa hata balbu anataka kuipigilia.

Tupige hesabu. Kila pete ya mnyororo ina namba ya kipande, mahali bloki inapoanzia, hali yake, na pointa ya kwenda pete inayofuata. Kwenye mashine ya biti 64 hiyo ni baiti 24, na malloc ya Linux ikiongeza ushuru wake inafika 32. Zidisha kwa bloki 262,144. Umekula MiB 8.

Sasa fanya kwa safu ya biti. Biti moja kwa kila bloki inasema "ninayo". Safu nyingine inasema "nimeshaiomba". Zote mbili kwa pamoja ni KiB 64. Tofauti ni mara 128!

"Lakini MiB 8 si kitu," nakusikia ukisema. Sawa, si kitu. Tatizo si ukubwa tu. Tatizo ni swali unaloliuliza maelfu ya mara kila dakika: je, bloki namba 200,000 ninayo? Mwenye mnyororo anaanza kwenye pete ya kwanza na kuruka pointa baada ya pointa mpaka afike, na kila mruko unaweza kumpeleka sehemu ya kumbukumbu ambayo haiko kwenye kashe, prosesa ikae ikisubiri. Mwenye safu anajibu hivi:

    ninayo = safu[i >> 3] & (0x80 >> (i & 7));

Mstari mmoja. Hakuna kuruka, hakuna malloc, hakuna cha kusahau kukiachilia.

Tena tazama uzuri wake. Itifaki yenyewe inataka mwenza akuambie ana vipande gani kwa kukutumia safu ya biti, biti ya juu kabisa ya baiti ya kwanza ikiwa ya kipande namba 0. Kwa faili yetu hiyo ni baiti 2,048. Ulichonacho kwenye kumbukumbu ndicho unachotuma, hakuna cha kutafsiri. Ukitaka kujua kama mwenza ana kitu ambacho wewe huna, chukua biti zake, ziunganishe kwa AND na kinyume cha biti zako, biti 64 kwa mpigo. Hatua 256 na umemaliza. Ukiwa na wenza 50, safu zao zote ni KiB 100. Zinaenea kwenye kashe ya kompyuta ya mitumba uliyonunua Luthuli Avenue, ile yenye betri inayodumu dakika 40. Na hapo ndipo pointi yangu ilipo: prosesa inayozunguka bure inakula betri, na betri ya mtu huyo ni sehemu ya malipo.

Sisemi orodha-mnyororo ni haramu. Foleni fupi ya maombi matano au kumi kwa mwenza mmoja, mnyororo unaweza kufaa. Ninachokataa ni kuutumia bila kuuliza swali.

Kosa la pili: kusahau

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi ikazimika tena, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Hizo ni zile kubwa zilizoandikwa kwenye magazeti. Zile ndogo za mtaani, za tokeni kuisha saa nne usiku au waya kukatika mvua ikinyesha Kawangware, hakuna anayezihesabu.

Kwa hiyo programu inayodhani itafungwa kwa heshima kila mara, kwa kubonyeza kitufe cha kutoka, imeandikiwa nchi nyingine. Hapa kwetu kuzimika ghafla ndiyo njia ya kawaida ya kufunga programu. Anza kufikiria kutoka hapo.

Wengi wanaweka rekodi ya vipande vilivyokamilika tu, na wanaiandika kwenye diski mwisho, wakati wa kutoka. Haya, stima ikikatika? Rekodi haipo. Mwenye akili kidogo atasoma faili yote upya na kupiga hashi kila kipande ili ajue anacho kipi. Hiyo angalau inaokoa vipande vilivyokamilika, ingawa inakula muda na betri. Lakini vipande vilivyokuwa nusu je?

Chukua faili ileile ya GiB 4, lakini mwenye torrent ameikata kwa vipande vya MiB 4. Una wenza 20, kila mmoja anakupa kipande tofauti, na vyote vimefika nusu. Stima inakatika. Programu inayojua vipande vizima tu inatupa MiB 40. Zilishalipiwa, zilishafika, ziko kwenye diski, ila hakuna daftari la kusema ziko. Mwenye duka anayekopesha watu bila kuandika, kesho yake atamdai nani?

Dawa ni ile safu ya biti ya bloki, KiB 32 tu, ihifadhiwe mara kwa mara. Na kuna utaratibu, msiuruke:

1. Andika bloki kwenye faili, kisha ita fsync ili zifike diski kweli, zisibaki kwenye kumbukumbu ya mfumo.
2. Ndipo uandike safu ya biti kwenye faili mpya ya kando, nayo uipigie fsync.
3. Ndipo uibadilishe jina kwa rename ichukue nafasi ya ile ya zamani.

Ukigeuza mpangilio, daftari litadai una bloki ambazo hazikufika diski, na uongo huo utagunduliwa kipande kikipigwa hashi, kitupwe chote. Ukifuata mpangilio, stima ikikatika katikati unabaki na daftari la zamani lililo kweli. Hupati kamwe daftari nusu.

Na ni lini kuhifadhi? Naona msimbo mwingi unahifadhi kila baada ya dakika kadhaa. Kwa nini dakika? Mtu hanunui dakika, ananunua baiti! Hifadhi kila zinapoingia MiB 4 mpya. Hapo unaweza kumwahidi mtumiaji wako jambo linaloeleweka: stima ikikatika, hutalipa upya zaidi ya MiB 4, hata mtandao wako uwe wa kasi kiasi gani.

Kuna hasara nyingine inayofanana na hiyo. Kwenye toleo la kwanza la BitTorrent, hashi ni ya kipande kizima. Bloki moja ikiharibika ndani ya kipande cha MiB 4, hujui ni ipi kati ya 256, kwa hiyo unaweza kulazimika kutupa zote. Toleo la pili, ambalo maktaba ya libtorrent ililiunga mkono kuanzia 2.0 mwaka 2020, linatumia mti wa hashi za SHA-256 ambao majani yake ni bloki za KiB 16. Bloki mbovu inajulikana kwa namba yake, unaiomba hiyo tu. Faili ileile, mtandao uleule. Kilichobadilika ni muundo wa data, na hasara ikashuka kutoka MiB 4 hadi KiB 16. Bado tu ni kitu cha mtihani?

Kosa la tatu: kuomba bila kuhesabu

Asilimia 99 ya picha ya diski si picha ya diski. Haiwashi kompyuta. Mtu aliyepakua asilimia 99 na kukwama hajapata karibu kila kitu, amepata hasara ya karibu kila kitu.

Na watu hukwama hivi: programu inaomba vipande kwa mpangilio, 0, 1, 2, 3, kwa sababu mwandishi aliweka kitanzi cha for na kwenda kunywa chai. Kila mtu akifanya hivyo, wenza wote wana vipande vya mwanzo na hakuna mwenye vya mwisho isipokuwa yule mmoja aliyeleta faili. Akizima mashine yake, kwisha habari.

Ndiyo maana BitTorrent hupendekeza uanze na kipande adimu, kile ambacho wenza wachache wanacho. Ili ujue kipi ni adimu unahitaji hesabu: safu ya namba za baiti 2, moja kwa kila kipande. Kwa vipande 16,384 hiyo ni KiB 32. Mwenza akikuletea ujumbe kwamba amepata kipande fulani, unaongeza moja. Akiondoka, unapunguza kwa vyote alivyokuwa navyo.

Wavivu huwa wanapanga safu nzima upya kila ujumbe ukiingia, halafu wanalalamika kwamba kompyuta inapiga kelele. Si lazima. Weka safu moja ya vipande iliyopangwa kwa uadimu, safu ya pili inayosema kila kipande kimekaa nafasi gani, na ya tatu inayosema kila kundi la uadimu linaishia wapi. Hesabu ikipanda kwa moja, badilishana nafasi na kipande cha mwisho cha kundi lako, kisha sogeza mpaka wa kundi. Hatua chache tu, iwe una vipande mia au laki moja.

Halafu kuna mwisho wa safari. Zikibaki bloki chache, programu huziomba kwa wenza wengi kwa pamoja ili isikwamishwe na mmoja mwenye mtandao wa kobe. Ni ujanja mzuri, lakini una sharti: bloki ikifika kutoka kwa mmoja, wengine watumiwe ujumbe wa kughairi. Ili ughairi lazima ujue uliwaomba akina nani. Kama hukuandika popote, huwezi. Bloki 20 ukiziomba kwa wenza 10 bila kughairi, zinaweza kuja 200. Yaani KiB 3,200 badala ya 320, na bando linahesabu zote. Kwa kila bloki iliyo njiani, weka safu ndogo ya namba za wenza ulioomba kwao. Basi. Hata hiyo inawashinda watu!

Kosa la nne: kumruka jirani

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Chukua hosteli moja kando ya Waiyaki Way, wanafunzi kumi, wote wako kwenye ruta moja ya jengo, wote wanataka ile picha ya GiB 4. Kila mmoja akiivuta kutoka Ulaya, jengo limelipia GiB 40. Mmoja akiivuta na wengine wakachukua kwake, au bora zaidi kila mmoja akavuta sehemu yake na wakabadilishana, jengo limelipia GiB 4 na ziada kidogo. Zilizobaki zinapita ukutani, kwenye waya wa ndani, bila senti.

BitTorrent ina njia ya kufanya hivyo: programu inapaza sauti kwenye mtandao wa ndani, kwenye anwani 239.192.152.143 mlango 6771, ikisema "mimi nina torrent hii, nani mwingine?" Lakini kusikia jibu hakutoshi. Lazima muundo wako wa mwenza uwe na mahali pa kuandika kwamba huyu ni jirani, na kanuni yako ya kuchagua wa kumwomba isome hapo kwanza. Nimesoma programu ambazo zinamsikia jirani vizuri, zinamwingiza kwenye mnyororo pamoja na wenza wengine mia, kisha zinachagua yeyote. Ni sawa na kuwa na kiazi jikoni na kupanda matatu kwenda kukinunua Wakulima Market.

Na sisi Wakenya hatuna kisingizio, maana somo hili tulishalipa karo yake. Kabla ya 2000, ukituma barua pepe kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa intaneti wa Nairobi kwenda kwa mwingine wa Nairobi, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Watu wawili mtaa mmoja! Novemba 2000 watoa huduma wakaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hapahapa nchini. Telkom Kenya ikalalamika, na CCK, tume ya mawasiliano ya wakati huo, ikaamuru kifungwe. Ilichukua mwaka mzima kupata leseni, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Nyaya za baharini zilikuwa bado; SEACOM iliwashwa Julai 2009. Kwa miaka hiyo yote kati, KIXP iliokoa data ya ndani isilipiwe safari ya angani.

Watu walipigania kwa mwaka mzima haki ya baiti ya Nairobi kukaa Nairobi. Wewe leo unashindwa kuongeza biti moja ndani ya strakti?

Najua mtasema nini

"RAM ni rahisi." Nimeshajibu, lakini narudia: RAM inaweza kuwa rahisi, bando si rahisi, na muundo mbaya unapoteza vyote viwili. Tena RAM ni rahisi kwako wewe mwenye mashine ya ofisi ya Westlands. Unayemwandikia huenda ana GB 2, na kivinjari kimeshazimaliza.

"Kuna libtorrent, kwa nini tuandike upya?" Sawa, itumieni! Ni nzuri, qBittorrent na Deluge zote zimesimama juu yake. Sikuambii uitupe. Nakuambia kwamba walioiandika walikaa chini wakafikiri, na wewe usiyejua walichofikiria hutajua ni mpangilio upi wa kuwasha na upi wa kuzima. Isitoshe, tatizo hili haliishi kwenye torrent. Programu zetu wenyewe zina ugonjwa uleule: ya kupeleka fomu za kliniki, ya kupandisha picha za kiwanja, ya kutuma kazi ya wanafunzi. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 80, zinaanza tena kwenye sifuri. Hakuna daftari la bloki zilizofika. Muuguzi aliyeko Uthiru anatuma faili moja mara tatu kwa bando lake, kwa sababu mtu mjini aliona safu ya biti ni mambo ya darasani.

"C imezeeka, hata Transmission waliihama." Ni kweli, Transmission iliandikwa kwa C kwa miaka mingi, na toleo 4.0 la mwaka 2023 likahamia C++. Hongera zao. Lakini ugomvi wangu si wa lugha. Safu ya biti ni safu ya biti kwa C, kwa C++, kwa Go, kwa Rust. Napenda C kwa kujifunzia kwa sababu haikufichi kitu: ukitaka mnyororo unauona na gharama yake, baiti kwa baiti. Kwenye lugha nyingine unaandika orodha tu, na bili inakwenda kwa mtu mwingine kimyakimya.

"Unatutisha, sisi tunataka kuzindua haraka." Haya, zindueni. Hizo KiB 64 za safu mbili za biti huandikwa kwa jioni moja. Lile daftari lenye fsync na rename ni jioni ya pili. Tukisema hatuna jioni mbili, tuseme pia wazi kwamba tumeamua gharama ibebwe na mtumiaji.

Pimeni, msibishane

Mwenye programu ya kushiriki faili, au yoyote inayopokea au kutuma faili kubwa, na aifanyie majaribio haya manne kabla ya kumpa mtu:

1. Faili ikifika nusu, chomoa waya wa stima. Usizime, chomoa, kama ni laptopu, toa na betri kwanza. Washa tena na uhesabu baiti ngapi zimepakuliwa mara ya pili. Zikizidi MiB 4, rudi kwenye daftari lako.
2. Linganisha ukubwa wa faili na jumla ya baiti zilizoingia kwenye kadi ya mtandao. Kichwa cha pakiti na ujumbe mdogomdogo utaongeza kidogo. Ukiona tofauti kubwa, kuna bloki zinakuja mara mbili.
3. Weka kompyuta mbili kwenye ruta moja, zote zipakue faili ileile. Tazama ni kiasi gani kimetoka nje. Kikiwa mara mbili ya faili, humjui jirani yako.
4. Endesha kwenye mashine mbovu kuliko zote unazoweza kupata, kwa betri, na utazame prosesa inafanya nini wakati mtandao ndio unaosubiriwa. Inatakiwa iwe imelala.

Majaribio haya hayahitaji maabara ya Chiromo wala ufadhili wa mtu. Yanahitaji alasiri moja, soketi ya ukutani na ujasiri wa kusoma namba zako mwenyewe.

Na wahadhiri wetu nao wasikie. Mkiwapa wanafunzi kazi ya orodha-mnyororo ya majina ya wanyama, mnawafundisha pointa, vizuri. Wapeni pia faili ya GiB 4, wenza ishirini na stima inayokatika bila taarifa. Swali la mtihani liwe moja: mtumiaji amelipia baiti ngapi zaidi ya ukubwa wa faili? Atakayeleta jibu dogo kuliko wote apewe A, na ikiwezekana apewe kazi.

Mtu anayenunua bando la siku Kangemi hajui SHA-1 ni nini wala hana haja ya kujua. Anajua tu kwamba bando limeisha na faili haijafika. Kwa nini haijafika, hilo tunalijua sisi. Tuliliandika kwa mikono yetu, ndani ya strakti.